Kuimarisha mbao laini ya mwembe iliyochorwa na kuvu

Mkerezaji wa Jinja:
Ndugu mafundi, nina gogo la mwembe lililoachwa nje misimu miwili ya mvua. Nilipolipasua nilikuta kuvu imelichora mistari myeusi ya kupendeza, ila katikati ya mistari hiyo mbao imelegea kiasi kwamba ukucha unazama. Nikilikereza, patasi inang'oa nyuzi badala ya kuzikata. Nataka kutoa bakuli la upana wa sentimita 25 hivi, na mipini ya visu kutokana na mabaki. Je, nilazimike kuingia gharama ya rezini (kimiminika kinachoganda ndani ya mbao) na pampu ya kuvuta hewa?

Fundi wa Mukono:
Kwa bakuli, hapana. Anza na unyevu, kwa sababu kuvu huendelea kula mbao maadamu unyevu umezidi takriban asilimia 20. Likereze kwa umbo la awali huku kuta zikiwa nene, liache likauke kivulini, kisha udondoshee sehemu laini supaglu nyepesi, ile inayotiririka kama maji, na uendelee na patasi iliyotoka kunolewa. Kwa kuwa supaglu huacha madoa kwenye mbao nyeupe, lipake bakuli zima sila (rangi ya kuziba vinyweleo vya mbao) kwanza. Usisambaze supaglu kwa kitambaa cha pamba: vikikutana hupata moto na kutoa moshi unaochoma macho. Kipande cha kaveera, yaani mfuko wa plastiki, kinatosha.

Mzee wa Karakana:
Nakubaliana na mwenzangu kuhusu bakuli, lakini mpini wa kisu hushikwa na mikono yenye maji kila siku, na supaglu haifiki kiini chake. Hapo rezini ya methakrilati, aina inayogandishwa kwa joto, inastahili gharama yake. Vikaushe vipande kwenye oveni kwa nyuzi joto 105 hivi mpaka uzito usipungue tena, uvipoze ndani ya mfuko uliofungwa ili visinyonye unyevu wa hewani, kisha uvizamishe kwenye rezini ukivikandamiza kwa kitu kizito, maana vitaelea. Endesha pampu hadi mapovu yaishe. Geji ya pampu isikutishe: huku kwetu, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni ndogo, hivyo sindano husimama karibu na inchi 26 za zebaki hata pampu ikiwa nzima, na anayefuata maelekezo ya watu wa pwani wanaotaja 29 atadhani inavuja. Rezini huingia hasa baada ya kurudisha hewa, kwa hiyo viache vilowe angalau mara mbili ya muda wa pampu, ndipo uvifunge kwa karatasi ya aluminiamu na kuvioka kwa nyuzi 90 hadi 95. Oveni hiyo isirudi jikoni.

Mkerezaji wa Jinja:
Asante, mzee. Je, epoksi (gundi ya kuchanganya sehemu mbili) iliyopunguzwa kwa thina haiwezi kuchukua nafasi ya rezini hiyo?

Mzee wa Karakana:
Epoksi nzito huganda kabla haijapenya, na ukiiongezea thina inapenya lakini inabaki dhaifu. Itumie kujaza nyufa tu.

Fundi wa Mukono:
Vaa barakoa nzuri ya vumbi pia, kwani vumbi la mbao yenye kuvu husumbua mapafu. Na sehemu inayomeguka ukiibonyeza kwa kidole, ikate uitupe, kwa sababu hata ikiganda haitastahimili kasi ya mashine.