Je, kulangua tiketi za mechi kuwe kosa la jinai?

Baba Rehema, Keko

Ndugu wanajukwaa, naleta kwenu jambo lililonikaa moyoni tangu mechi ya watani wa jadi iliyopita. Nilimpeleka Uwanja wa Benjamin Mkapa binti yangu wa miaka kumi, ambaye hajawahi kuwaona Simba na Yanga isipokuwa kwenye kibanda umiza. Tiketi za mzunguko zilikuwa zimekwisha tangu juzi yake, lakini karibu na Uhasibu tulimkuta kijana mwenye tiketi nyingi mkononi, amezipanga kama karata, na ile ya shilingi 5,000 alitaka tuinunue kwa 20,000. Mfukoni nilikuwa na 25,000, nauli ikiwamo. Tulirudi nyumbani tukasikiliza redio.

Sipingi faida. Anayetoa mahindi Sumbawanga akayafikisha Dar es Salaam anastahili faida yake, kwa kuwa ameyasafirisha na amebeba hasara ya njiani. Yule kijana hakuongeza hata kiti kimoja katika viti 60,000 vya uwanja ule. Alichofanya ni kusimama kati yangu na kiti ambacho mwandaaji alikwisha kukipangia bei ninayoimudu. Kwa maoni yenu, je, sheria imzuie?

Mzee wa Magomeni

Mwanangu, pole sana, na mpe pole mjukuu wangu. Hata hivyo, nakuomba ulipime vizuri neno hili "ulanguzi" kabla hujaliitia polisi. Sisi tuliokuwa watu wazima mwaka 1983 tunakumbuka vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ambaye nia yake njema sina shaka nayo hata leo. Sheria ilitungwa, watu wakakamatwa, na wengine kwa hofu wakatupa bidhaa zao usiku. Pamoja na hayo yote, sukari na sabuni hazikujaa madukani kwa sababu ya msako. Zilianza kuonekana baada ya mwaka 1984, waliokuwa na fedha zao za kigeni waliporuhusiwa kuagiza bidhaa kutoka nje. Uhaba haukamatwi na askari. Ukimfukuza kijana wa Uhasibu, atahamia kwenye kundi la WhatsApp, na bei itapanda zaidi kwa kuwa sasa atadai pia malipo ya kuhatarisha uhuru wake.

Mwanasheria, Morogoro

Shikamoo mzee. Mfano wako una uzito, lakini sukari na kiti cha uwanjani ni vitu viwili tofauti. Sukari iliweza kuagizwa, ilhali siku ya mechi viti ni vile vile, bei iwe elfu tano au laki moja. Hapa kwenye tiketi, faida ya mlanguzi haimvuti mtu yeyote kuleta bidhaa zaidi, na hilo ndilo jambo pekee ambalo lingeweza kuihalalisha.

Nchi nyingine zimelishughulikia suala hili kwa njia zinazotofautiana. Uingereza ilifanya kuuza tiketi za mpira bila idhini kuwa kosa la jinai kupitia sheria ya mwaka 1994, na chanzo chake hakikuwa bei bali usalama: baada ya maafa ya uwanja wa mpira wa Hillsborough ya mwaka 1989, yaliyoua mashabiki 97, ripoti ya Jaji Taylor ilitaka walanguzi wadhibitiwe, pamoja na mambo mengine kwa sababu huvuruga utaratibu wa kutenganisha mashabiki wa pande mbili. Ufaransa ilipiga marufuku mwaka 2012 mtu kufanya mazoea ya kuuza tiketi bila ruhusa ya mwandaaji. Ninayoipenda zaidi ni sheria ya Ireland ya mwaka 2021, inayohusu kumbi na viwanja vya kuanzia watu 1,000. Pale tiketi yako unaruhusiwa kuiuza, ila si kwa zaidi ya bei uliyoinunulia. Aliyefiwa asubuhi ya mechi anarudishiwa fedha zake, na aliyenunua tiketi hamsini hapati kitu.

Wa Getini

Naandika kama mtu aliyefanya kazi ya muda kwenye mageti kwa misimu kadhaa. Mnazungumzia bei, lakini kinachoniuma mimi ni tiketi moja kuuzwa mara sita. Nilimpokea mama mmoja aliyevaa jezi mpya, lebo bado inaning'inia kwapani, akaniwekea simu yenye picha ya tiketi kwenye kifaa, na kifaa kikaonyesha kwamba imeshatumika. Alinionyesha ujumbe wa muamala wa shilingi 30,000, akapiga namba ile mbele yangu, ikawa haipatikani. Nyuma yake foleni ilikuwa inasukuma, nami nikalazimika kumtoa pembeni. Mtu kama huyo hana pa kushitaki, kwa kuwa hakuna mahali rasmi ambapo tiketi inaweza kubadilisha mikono na ile ya kwanza ikafutwa.

Jambo la pili nalisema kwa uzito. Ukimkuta mtu ana tiketi mia mbili saa moja baada ya mauzo kufunguliwa, huyo hakupanga foleni. Sheria itakayomkamata kijana wa barabarani na kumwacha aliyemfungulia mlango wa ndani itakuwa imemwonea mnyonge.

Baba Rehema, Keko

Nawashukuru. Nimeona kwamba swali langu lilikuwa limechanganya watu wawili, yule mwenye dharura na yule mwenye tiketi mia mbili. Naunga mkono utaratibu wa Ireland, pamoja na dirisha rasmi la kurudishia tiketi hadi asubuhi ya mechi, kwa sharti kwamba dirisha hilo nalo lisigeuke duka. Kwa Kombe la Dunia la 2026, FIFA wenyewe waliweka soko la kuuziana tiketi, wakakata asilimia 15 kwa muuzaji na asilimia 15 kwa mnunuzi. Mwandaaji anayekula pande zote mbili hawezi kuwa na hamu ya kuona bei inashuka.

Mzee wa Magomeni

Kwa hoja ya viti nimekubali, mwanasheria. Kiti hakiagizwi kutoka nje. Ninalosihi ni kwamba adhabu iwe faini na kufungiwa kununua tiketi, isiwe kifungo. Mwaka ule jirani yangu aliwekwa ndani kwa sababu ya katoni nne za sabuni, na mkewe ndiye aliyekuwa akija kwetu kuomba kipande cha kufulia nguo za watoto.