Gari inagoma kuwaka nikitoka kujaza mafuta, msimbo P0441

Wakuu, naomba ushauri. Nikijaza tanki sheli, gari inagoma kuwaka mpaka nikanyage mafuta kidogo, kisha inatetemeka na kunuka petroli. Tanki likiwa nusu haina shida kabisa. Mashine ya kusoma hitilafu imetoa P0441, yaani mvuke wa petroli wa tanki hauendi kwenye injini inavyotakiwa. Mfuniko wa tanki nimeshabadilisha, hali ileile.

Fundi anataka tubadilishe kanista ya mkaa (chombo kinachonasa mvuke wa petroli wa tanki), na bei yake inatisha. Mimi nashuku vavu inayopeleka mvuke huo kutoka kanista kwenye manifodi (njia ya hewa inayoingia injini): nimeichomoa nikapuliza, hewa inapita, wakati bila umeme inatakiwa kufunga kabisa. Aliyewahi kukutana na hili, vavu peke yake inatosha? Au mkaa umeshavunjika na chembe zake ndizo zinaizuia isifunge? Nitathibitishaje bila mashine ya moshi (ya kutafuta panapovuja)?