Hivi kupanga kontenti mapema kunasaidia kweli biashara ndogo?

CherehaniTabata:
Wakuu habari za leo. Nina swali kwa wenye biashara ndogo humu. Mimi na mke wangu tuna ofisi ya kushona Tabata, tunashona sare za harusi, magauni ya sendofu na nguo za watoto sikukuu zikikaribia, wateja wengi wanatupata kwenye status ya WhatsApp na Instagram. Sasa kuna jamaa anatushauri tukae chini tuandike ratiba ya miezi mitatu, nini kitapostiwa lini, mimi naona hayo ni mambo ya makampuni yenye watu wa masoko, sisi tuko wawili na cherehani mbili na muda wenyewe ndio huo. Kuna aliyefanya akaona faida? Naomba jibu la mtu aliyeko kazini.

Mama Keki:
Mkuu kwa nguo za sherehe nyie ndio mnaihitaji kuliko mtu anayeuza soda. Mimi natengeneza keki hapa Ilala, wateja wetu ni walewale, na faida kubwa niliyoiona sio likes, ni oda kuanza kuja mapema. Mteja wa sare halipi advansi siku aliyoiona picha. Anaihifadhi kwenye simu, anairusha kwenye grupu la kamati, wanabishana rangi mpaka wachoke, halafu ndio wanaenda Kariakoo kutafuta kitenge. Picha yako ikitoka sherehe imeshakaribia, wenzio walishapewa kazi zamani.

Kwa hiyo anza na kalenda ya sherehe, kuposti kuje baadaye. Chukua mwaka 2027, Jumatano ya Majivu inayoanza Kwaresma ni tarehe 10 Februari, Pasaka 28 Machi, na Ramadhani inategemewa kuanza karibu tarehe 8 Februari kutegemea na mwezi kuandama. Yaani mifungo yote miwili inaanza wiki moja! Harusi zitapungua sana hapo katikati, halafu Pasaka ikipita tu kumbi zinajaa. Fundi ambaye hajapanga, Februari yote atakaa kimya kwa vile hana kazi mkononi, kumbe ndio muda kamati zinakaa vikao kuchagua sare za Aprili. Picha za sare ziende kipindi hicho, hata kama simu haiiti. Na nguo za watoto za Idi anza kuzionyesha Ramadhani haijaanza, kisha mfungo ukiingia andika wazi kabisa mwisho wa kupokea oda ni tarehe fulani, hiyo posti moja inapunguza zile simu za usiku wa kuamkia sikukuu za mtu anataka gauni la mtoto asubuhi.

Halafu usinakili tarehe za mwaka uliopita, Ramadhani inawahi kwa siku kama 11 kila mwaka.

Kisauni Samaki:
Mie nitapinga kidogo. Nauza samaki hapa Mombasa, na kwangu ratiba haingii, siwezi andika leo kwamba Jumamosi nitaposti changu au tafi na sijui boti zitarudi na nini. Mteja wangu ataka picha ya asubuhi hiyohiyo, na ataka akiuliza bei ajibiwe saa ileile. Ukikawia kujibu, mpango wako wote hauna maana, keshanunua kwengine.

Mama Keki:
Kaka wa Kisauni hapo kwenye kujibu haraka nakuunga mkono asilimia zote, tena watu wengi wanaposti vizuri halafu meseji zinakaa siku nzima, inauma sana kuona biashara inapotea hivyo. Lakini hata bahari ina kalenda yake, upepo wa kusi ukivuma bahari inachafuka na samaki wanaadimika, wa kaskazi ukiingia bahari inatulia, hilo unalijua wewe kuliko mimi. Si unaweza kuwaambia wateja mapema kwamba miezi ya kusi bei itapanda na kwa nini? Na namna ya kumtambua samaki mbichi, macho maangavu yanayong'aa, mashavu mekundu ndani, hiyo video unairekodi mara moja inatumika mwaka mzima. Picha ya asubuhi ibaki kuwa ya asubuhi.

CherehaniTabata:
Nimeanza kuelewa, sikuwaza kabisa habari ya vikao vya kamati. Sasa hizo picha zinapigwa saa ngapi jamani na kazi imebana? Na kila siku kukumbuka kuposti?

FundiMwanza:
Mkuu mimi ni fundi mwenzio. Kila nguo kabla haijaingia mfukoni piga picha tatu pale mlangoni penye mwanga, mbele, mgongoni, na moja ya karibu kwenye zipu au upindo, kwa sababu mteja anayejua nguo anakuangalia zipu kwanza, ikikaa imenyooka bila kujikunja keshakuamini. Kwenye simu tengeneza albamu tatu tu, sare, sendofu, watoto. Jumapili jioni mke wako achague za wiki, aandike na maelezo kabisa, bei ya ushonaji bila kitambaa, inachukua siku ngapi, mpo wapi. Za Instagram na Facebook unazipangia saa kwenye Meta Business Suite, ni bure, zinatoka zenyewe wewe uko kwenye cherehani. Status ya WhatsApp inafutika baada ya saa 24 kwa hiyo, status ibandike mwenyewe asubuhi ukifungua ofisi, maneno si yapo tayari, unanakili tu.

La mwisho, gauni la bibi harusi lisionekane mtandaoni kabla ya siku yake, na hata baada ya hapo muombe ruhusa kwanza. Kwenye daftari la oda andika pembeni ya jina lake tarehe ya sherehe na kama amekubali kupostiwa, hizo picha zinaingia kwenye ratiba ya wiki inayofuata.