Mke na mume wa Tanga tunahamia Hangzhou: tuanze na lipi?

BintiChumbageni

Wanajamvi, salaam. Mume wangu amepata mkataba wa kazi Hangzhou, China. Viza yake ni Z, ya kazi; mimi naongozana naye kwa S1, ya familia. Viza zimeshagongwa na safari ni Novemba hii. Kampuni itampokea yeye kazini, ila nyumba, simu, malipo, soko na jiko ni juu yetu. Nasikia kule kila kitu kinalipwa kwa simu. Naomba mpangilio: lipi litangulie, na lipi likichelewa linakwamisha mengine? Halafu sisi ni watu wa nazi na samaki, nguruwe hatuli.

Mkwakwani

Hongereni, dada. Mambo mengi yanayokwama kule yanakwama kwenye jina. Pasipoti zetu zina majina matatu, na karani wa laini za simu anaweza kuyaandika bila nafasi, wa benki akaanza na la ukoo, wa tatu akaacha la katikati kwa sababu kisanduku kimejaa. Ukitaka kuunganisha kadi ya benki ya kule na Alipay au WeChat (programu za simu za Kichina za kulipia, na WeChat ni ya kuwasiliana pia), mfumo unalinganisha jina, namba ya pasipoti na namba ya simu uliyoiacha benki. Herufi moja ikipishana, unakataliwa. Huduma kwa wateja ya simu haiwezi kukusaidia hapo, lazima urudi kaunta na pasipoti yako. Basi kabla ya kusaini popote, mwombe karani akuonyeshe skrini, usome jina herufi kwa herufi. Mkishasajili laini, pigeni picha jina lilivyoandikwa na mwonyesheni karani wa benki.

Sasa kazi ya kufanya mkiwa bado Tanga. Pakueni Alipay na WeChat, jithibitisheni kwa pasipoti, kisha unganisheni Visa au Mastercard ya benki ya hapa. Iambieni benki ifungue manunuzi ya mtandaoni na ya nje ya nchi, la sivyo kadi itagoma dukani mbele ya watu. Kadi ya kigeni inalipa maduka, lakini haitumi pesa kwa mtu binafsi, kwa hiyo mama wa mboga anayetumia msimbo wake binafsi wa QR, ule wa kuskani, anaweza kushindwa kuipokea. Malipo yanayozidi yuan 200 kwa mkupuo hukatwa asilimia 3. Wekeni na noti ndogondogo za 10 na 20. Muuzaji hatakiwi kukataa noti, ila chenji ni shughuli.

Baharini_T

Naongezea upande wa serikali, maana hapo ndipo penye faini.

Mkilala hotelini, hoteli ndiyo inayowaandikisha polisi. Mkihamia nyumba ya kupanga, nyinyi wenyewe mnatakiwa kujiandikisha kituo cha polisi cha mtaa ndani ya saa 24. Bebeni pasipoti zote mbili, mkataba wa pango, na nakala ya kitambulisho cha mwenye nyumba pamoja na hati ya nyumba. Hizo mbili za mwisho zidaini kabla hamjalipa kodi, kwa sababu mwenye nyumba akishapokea hela ni vigumu kumpata. Sheria iliyoanza kutumika Julai 2013 inaruhusu faini hadi yuan 2,000 kwa asiyejiandikisha.

Karatasi mtakayopewa polisi ndiyo inayofungua kibali cha ukaazi, na kibali hicho lazima kiombwe ndani ya siku 30 tangu mguu ugonge China. Kwenye viza zenu mtaona siku za kukaa zimeandikwa 000. Msishtuke. Maana yake muda wa kukaa utapangwa na kibali. Kuna na vipimo vya afya: damu, eksirei, presha, utrasaundi. Nendeni asubuhi bila kula.

Hapa ndipo watu wanapojichanganya. Ukiomba kibali, pasipoti inabaki Uhamiaji kwao, inaweza kukaa hadi siku 15 za kazi, nawe unapewa risiti tu. Benki na wauza laini wanataka pasipoti yenyewe. Kwa hiyo laini na akaunti vitangulie, kibali kifuate. Treni za mbali nazo zisubiri, kwa sababu tiketi ya treni inafungwa kwenye namba ya pasipoti na getini unaingia kwa pasipoti hiyohiyo.

Dada, cheti cha ndoa kilichothibitishwa msikiache nyumbani, kibali chako wewe kinakitegemea. Na S1 hairuhusu kazi, hata kufundisha Kiingereza jioni kwa malipo.

MpishiWaNgamiani

Mie nije kwenye nyumba na jiko.

Tayarisheni fedha za pango kwa mkupuo. Kawaida ni dhamana ya mwezi 1 na kodi ya miezi 3 mbele, juu yake dalali. Hangzhou iko kusini mwa mto Huai, kwa hiyo majengo hayana ule mfumo wa kupasha joto wa kaskazini kama Beijing. Desemba na Januari baridi ya unyevu inaingia hadi chumbani. Kabla ya kusaini, washeni kiyoyozi upande wa joto na mfungue maji ya moto, visubirieni vyote viwili hadi vifanye kazi. Umeme ni volti 220, vifaa vya hapa vinafanya kazi, ila plagi yetu ya pini tatu nene haiingii bila adapta. Maji ya bomba chemsheni.

Nazi sasa. Dukani kuna vitu viwili vinavyofanana sura. Tui la kupikia limeandikwa 椰浆. Lile la 椰汁 ni kinywaji, lina sukari, ukipikia samaki wa kupaka umeharibu chungu kizima. Geuza kopo usome viambato: ukiona 白砂糖, hiyo ni sukari, rudisha. Mchele wa huko wengi ni mfupi na unanata, wali wa nazi unakuwa bokoboko. Tafuta mchele mrefu wa Thailand, 泰国香米.

Alama ya halali ni 清真, na migahawa ya tambi za Lanzhou kwa kawaida huwa ni ya Waislamu wa Kihui. Kwingine, hata mchicha unaweza kukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, kwa hiyo ukiona sahani ya mboga tupu usiiamini, uliza. Kwa swala ya Ijumaa kuna Msikiti wa Phoenix, barabara ya Zhongshan, mmoja wa misikiti ya kale kabisa China.

BintiChumbageni

Nawashukuru sana. Na mama nitaongea naye vipi? Anatumia WhatsApp tu.

Mkwakwani

WhatsApp imefungwa kule. Mfungulieni mama WeChat mkiwa bado hapa, maana akaunti mpya mara nyingi inadai mtu mwenye akaunti ya zamani aiskani ili kuithibitisha. Msiache laini zenu za Tanzania: misimbo ya uthibitisho ya benki inakuja kwenye laini hizo, na bando la ng'ambo la laini ya hapa linapitisha WhatsApp kwa kuwa data yake inarudi mtandao wa nyumbani. Hakikisheni laini zimesajiliwa kwa alama zenu za vidole, si za jirani. China iko mbele yetu saa 5, kwa hiyo mwambie mama akupigie saa kumi alasiri, wewe itakuwa saa tatu usiku.