ROTC: Vyuo vikuu vya Marekani vilianzaje kufundisha maofisa wa jeshi?

Mjomba wa Mhandisi:
Wakuu, habari za leo. Mpwa wangu anasomea uhandisi katika chuo kikuu cha jimbo huko Marekani. Anasema wapo wenzake wanaoamka alfajiri kukimbia mchakamchaka, siku nyingine huingia darasani na kombati, na wakihitimu hupewa kamisheni ya uofisa jeshini. Mimi nilijua maofisa wao hutoka West Point tu, chuo chao cha kijeshi. Hili lilianzaje? Na ni kweli zamani lilikuwa la lazima?

Mwalimu Mstaafu:
West Point ina jina, mkuu, lakini maofisa wengi wa jeshi la nchi kavu hutoka ROTC (Reserve Officers' Training Corps), yaani mafunzo ya uofisa yanayotolewa ndani ya vyuo vya kawaida.

Anza na Alden Partridge. Aliwahi kuwa mkuu wa West Point, akaondoka kwa ugomvi, na mwaka 1819 akafungua chuo chake Vermont, ambacho leo ni Norwich University. Aliamini kwamba nchi inayohofia jeshi kubwa la kudumu inahitaji raia wanaojua kuongoza askari, nao wafundishwe vita pamoja na masomo mengine. Yaliyofuata, kwa maoni yangu, ni sheria na fedha tu.

Fedha zilikuja Julai 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto. Rais Lincoln alitia saini Sheria ya Morrill: kila jimbo lipate ekari 30,000 kwa kila seneta na kila mbunge wake, liuze, lianzishe chuo cha kilimo na ufundi. Humo humo sheria ikataka mbinu za kijeshi zifundishwe. Jina la ROTC lenyewe limetokana na Sheria ya Ulinzi wa Taifa, aliyoitia saini Rais Wilson Juni 3, 1916. Jeshi la majini likafuata 1926, katika vyuo sita.

Sasa hilo la lazima. Sheria ya 1862 ilitaka somo liwepo. Haikusema kila mwanafunzi aburuzwe kwenye gwaride. Vyuo vingi ndivyo vilivyoamua hivyo, kwa vijana wa kiume, miaka miwili ya mwanzo. Chuo Kikuu cha Wisconsin waliacha 1923. Chuo Kikuu cha California waling'ang'ania, hadi wanafunzi Wamethodisti waliokataa mafunzo hayo kwa sababu ya imani yao wakafika Mahakama ya Juu. Mwaka 1934 wakashindwa. Berkeley, kampasi ya chuo hicho, ulazima uliondoka 1962 tu. Watu husema Vita vya Vietnam ndivyo vilivyoichafua ROTC. Mimi nasema chuki ilikwisha kupandwa na magwaride ya shuruti.

Kijana wa Zamu:
Shikamoo Mwalimu. Mbona Harvard waliifukuza?

Mwalimu Mstaafu:
Marahaba. Hapo Vietnam inahusika kweli. Mwaka 1969 wanafunzi waliteka jengo la utawala la Harvard, na ROTC ikawa imeondoka miaka michache baadaye. Chuo Kikuu cha Kent State, Ohio, mambo yalikuwa mabaya zaidi: usiku wa Mei 2, 1970 jengo la ROTC liliteketezwa, na Mei 4 askari wa akiba wa jimbo (National Guard) wakawafyatulia wanafunzi risasi. Wanne walikufa, tisa wakajeruhiwa.

Harvard waliirudisha 2011, baada ya kufutwa sheria iliyowazuia mashoga kutumikia jeshi wazi wazi. Lakini angalia hasara ya kufukuza: Colin Powell, mtoto wa wahamiaji kutoka Jamaika, aliingia ROTC akiwa City College, New York. Alama zake za kawaida zilikuwa za wastani, za ROTC zilikuwa A. Alipata kamisheni 1958, na 1989 akawa mhitimu wa kwanza wa ROTC kuwa mwenyekiti wa wakuu wa majeshi. Chuo hicho hicho kilikaa bila ROTC miaka mingi, hadi 2013.

Mjomba wa Mhandisi:
Asante sana Mwalimu. Je, mpwa wangu akijiunga leo, amefungwa?

Mwalimu Mstaafu:
Katika ROTC ya jeshi la nchi kavu, asiyechukua ufadhili wao hafungwi miaka miwili ya mwanzo. Deni la utumishi huja akisaini mkataba. Lakini kamisheni ni ya raia wa Marekani, kwa hiyo muulize kwanza ana pasipoti gani.