Mjadala: Serikali ilipie vijana wasome Kichina na Kifaransa chuoni, au hiyo ni anasa?

NGOSHA WA IGOMA
Wakuu, habari za jioni. Naleta hoja hii nikijua wengine mtanirukia.

Tazameni tu Mwanza yetu. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita tatu na ushee juu ya ziwa, limejengwa na kampuni za Kichina, likazinduliwa Juni 2025. SGR ya Mwanza–Isaka, kilomita 341, wajenzi Wachina. MV Mwanza ya abiria 1,200 imeundwa na kampuni za Korea Kusini hapa hapa bandari ya Mwanza Kusini. Mabondo ya sangara (vile vibofu vya hewa vya tumboni) yanaishia Hong Kong na China, dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba wanapakiwa kwenda Kongo. Sasa niambieni, mnamjua Mtanzania anayeweza kuusoma mkataba wa Kichina mwanzo mwisho bila kumtegemea mkalimani aliyekuja na upande wa pili?

Mtasema Kichina kinafundishwa. Kweli, Taasisi za Confucius, zile za Serikali ya China za kufundisha lugha yao, zipo vyuo vikuu vya Dar es Salaam (UDSM) na Dodoma (UDOM) tangu 2013. Siwalaumu Wachina, kila nchi inaipigia debe lugha yake. Ila anayelipa mwalimu ndiye anayechagua somo. Kijana atajua salamu, mwandiko na sikukuu zao. Benki zao zinavyoamua nani apewe mkopo wa reli, au mgogoro wa mkataba unavyoamuliwa kule, hilo hakuna mgeni atakayekufundisha kwa fedha zake. Tangu 2022 tuna Samia Scholarship kwa waliofanya vizuri masomo ya sayansi kidato cha sita, na ni jambo zuri. Naomba kuwe na fungu la namna hiyo, hata dogo, kwa wanaosoma lugha pamoja na nchi yenyewe: sheria zake, uchumi wake, siasa zake.

FUNDI BUZURUGA
Mkuu, nakuheshimu, ila hapana. Watoto wa watu wamepata udahili wa uhandisi na udaktari, wanasubiri mkopo wa Bodi ya Mikopo hadi muhula unaanza, wewe unataka fedha iende kwenye Kifaransa? Bodi inakopesha ili ilipwe. Marejesho ni asilimia 15 ya mshahara. Huyo wa Kifaransa utamkata asilimia 15 ya mshahara upi?

Halafu Mkongo wa Goma, Bukavu na Lubumbashi anaongea Kiswahili, tena anakuja kununua mzigo akikiongea. Tunahangaika na Kifaransa cha nini?

MAMA DAGAA MWALONI
Fundi mwanangu, hapo umeongea kama mtu asiyewahi kupeleka mzigo. Sokoni tunaelewana, hata bei tunagombana kwa Kiswahili vizuri kabisa. Kazi inaanza mpakani. Karatasi za forodha za kule ni Kifaransa, vibali Kifaransa, na ofisa akiamua gari lisimame, barua anayokupa ni Kifaransa. Hapo ndipo unamtafuta wakala akusomee, naye anakula pande zote mbili. Mwaka juzi mwenzangu alisaini karatasi akidhani ni ya kupokea mzigo, kumbe anakubali faini.

Ila Ngosha nawe, usituletee kijana wa chuo mwenye Kifaransa cha kuombea maji. Aje anayeijua forodha.

MWALIMU MSTAAFU, NYAKATO
Vijana, mnabishana kama vile hakuna nchi iliyowahi kulijaribu hili. Wamarekani walianza 1958. Warusi walikuwa wamerusha satelaiti ya Sputnik Oktoba 1957, Washington ikashikwa na kiwewe, Bunge lao likapitisha sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa. Sehemu ya sita ya sheria hiyo ilivipa vyuo vikuu fedha za kufundisha lugha ambazo Mmarekani wa kawaida hakuwa na habari nazo, pamoja na historia na siasa za wenye lugha hizo. Mwaka 1961 ikaongezwa Fulbright-Hays, ya kuwapeleka wanafunzi na walimu wao nje. Ile sehemu ya sita mwaka 1980 ikahamishiwa kwenye sheria ya elimu ya juu. Wazungu mnaowashangaa wakiongea Kiswahili sanifu kuliko sisi, wengi wamepita kwenye fedha hizo.

Sasa angalieni ilivyoendelea. Baada ya Septemba 2001 fedha zilipanda, maana ghafla walitafuta wajuzi wa Kiarabu wakawakuta wachache. Mwaka 2011, mambo yakiwa yametulia, fungu likashuka kutoka dola milioni 126 hivi hadi milioni 76, kwa mkupuo mmoja. Machi 2025 wafanyakazi wa ofisi iliyosimamia programu hizo wakaachishwa kazi, na Serikali ya Trump ikapendekeza fungu lote la 2026 lifutwe. Wanaoumia mapema si wa Kihispania, ambacho kina wanafunzi wa kutosha. Ni madarasa ya watu wanane, kumi, na Kiswahili kiko huko.

Kwa hiyo Ngosha, hoja yako naiunga mkono nusu. Fungu la kutegemea hofu ya msimu litakufa. Mwalimu wa lugha huchukua miaka kumi kumwandaa, na bajeti moja tu inatosha kumwondoa darasani.

FUNDI BUZURUGA
Shikamoo mwalimu. Si umenisaidia mimi sasa? Kama Marekani mwenye fedha zote ameona hazina faida, sisi tunazitoa wapi?

MWALIMU MSTAAFU, NYAKATO
Marahaba. Kukata fedha si ushahidi kwamba kitu hakina faida, mwanangu. Hata sisi tumekata mengi yenye faida.

NILIKUWA KIWANDANI
Niongeze kitu ambacho vijana wa sasa hawakikumbuki. Mwaka 1999 Ulaya ilifunga soko la samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya habari za uvuvi wa sumu. Kabla ya hapo walishatubana kwa bakteria na kipindupindu. Viwanda vya minofu hapa Mwanza vikapunguza watu, mimi nikiwa mmojawao, na wavuvi wakabaki na sangara, wasijue wamuuzie nani. Soko la Tanzania likafunguliwa mwaka uliofuata.

Kiingereza tulikuwa nacho wakati ule. Barua zilisomwa, zikaeleweka. Kilichopungua, kwa nilivyoona mimi, ni mtu anayeijua Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya: kamati ipi inaamua, maabara ya namna gani inakubalika, mkaguzi akija anaangalia nini kwanza. Tukajifunza huku soko limefungwa. Kwa hiyo Fundi akisema lugha peke yake hailipi, namkubalia. Mtu mwenye lugha tupu ni mkalimani. Mtu anayeijua nchi ya watu ndiye anayekwambia mapema kwamba mwakani watakufungia mlango. Huyo hapatikani kwa kozi ya miezi sita.

DADA WA MALIMBE
Mimi niko chuo, niseme la wanafunzi. Tunaotaka lugha tupo. Lakini ukiangalia miongozo ya mikopo ilivyopanga vipaumbele, tiba, uhandisi na ualimu wa sayansi viko mbele, unafanya hesabu ya bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, unahama. Anayebaki kwenye lugha ni mwenye mzazi wa kulipa. Mnataka wajuzi wa China watoke Capri Point kwa wenye nazo tu?

Jambo jingine: Kiswahili chetu wenyewe. Tangu 2022 UNESCO inaadhimisha siku yake Julai 7, Afrika Mashariki imekifanya lugha rasmi pamoja na Kifaransa, na kama madarasa ya Marekani yanafungwa, wageni wanaotaka kujifunza watakwenda wapi? Mhitimu wa Kiswahili mwenye Kifaransa au Kichina anaweza kuwafundisha hapa hapa Mwanza. Fundi, huyo atakatwa asilimia 15 bila shida.

FUNDI BUZURUGA
Dada, hapo umenibana kidogo. Lakini bado hamjasema fedha inatoka wapi. Msiseme "Serikali". Semeni fungu.

NGOSHA WA IGOMA
Nasema. Waajiri wenye watu kumi na kuendelea wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, na wakandarasi wa nje nao wanalipa. Sehemu yake imekuwa ikienda kwenye mikopo ya elimu ya juu. Itengwe kipande kwa ajili hii, kiandikwe kwenye sheria kisiwe hisani ya waziri, halafu kila mkandarasi wa kigeni apokee wanafunzi wawili watatu kwa vitendo kwenye ofisi yake ya mikataba, si kwenye jiko la kambi. Wahitimu watumikie halmashauri au forodha miaka mitatu kabla ya kwenda wanakotaka.

Kingine, ushuru wa samaki wanaokwenda nje uongezwe kidogo, hasa mabondo, maana bei yake...

MAMA DAGAA MWALONI
Hapo simama hapo hapo. SDL chukua. Ushuru wa Mwaloni usiuguse.

NGOSHA WA IGOMA
Mama, nimesema mabondo, sijasema dagaa.

MAMA DAGAA MWALONI
Leo mabondo, kesho dagaa. Nakujueni.