Muvi ya Patton: hilo kofi la hospitalini lilitokea kweli ama ni chumvi?

mwana_wa_Umoja:
Habari wadau. Jana mvua ilinifungia nyumbani Umoja nikasema wacha nikae na mzee tuangalie ile muvi ya 1970 ya Patton, yule jenerali wa Marekani wa vita ya pili ya dunia, ni ndefu si mchezo, karibu masaa matatu, lakini mzee alistaafu jeshi na ikiwa ni vita halali. Sasa tukafika pale jenerali anaingia hospitali ya kambi huko Sicily, kisiwa cha Italia, anampata askari amekaa analia, hana kidonda, anasema ni neva tu. Patton anamzaba kofi na kumwita mwoga mbele ya madaktari. Mzee akachukua rimoti akarudisha nyuma. Akaangalia tena. Mara ya tatu chai yake ishashika utandu hapo mezani hajaigusa, akaniambia huo ni uongo wa muvi, afande hawezi kumgusa askari mgonjwa na abaki na kazi. Mimi nikasema ni kweli, tukabishana mpaka mathee akaamuru tuzime hiyo kitu. Nani anajua?

kofia_ya_chuma:
Mpe mzee pole, ni kweli, na hapo hata wamempunguzia. Alipiga wawili, siku tofauti, hospitali tofauti, Agosti 1943, muvi ikawachanganya wakawa mmoja. Yule wa kwanza walikuja kumpima wakakuta ana malaria! Mkubwa wake, Jenerali Eisenhower, akamlazimisha aombe msamaha, waandishi waliojua wakanyamaza, ikalipuka redioni Novemba. Lakini mzee hajakosea sana, maanake Patton alikaa miezi mingi hana jeshi la kupigana nalo. Wakamtumia Uingereza kama chambo, Wajerumani waamini anajipanga kuvukia Calais, Ufaransa, na jeshi kubwa, kumbe jeshi lenyewe ni maboti bandia na kelele za redio, wenzake wakashukia Normandy, pwani nyingine ya Ufaransa. Yeye na Jeshi lake la Tatu waliingia vitani Agosti 1944.

fundi_wa_Kariobangi:
Mimi hayo makofi sijui, nilikuwa naangalia vyuma. Vile vifaru vya Wajerumani si vya Wajerumani jameni, walipiga picha Spain wakaazima vya jeshi la huko, M47, ambavyo vilitengenezwa vita ishaisha. Na unajua M47 inaitwaje? Patton. Yaani Patton anapigana na Patton 😂 nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

kofia_ya_chuma:
@fundi haha na bado. Ile hotuba ya mwanzo mbele ya bendera kubwa, amevaa nyota nne. Mwenyewe akihutubia askari wake 1944 alikuwa na tatu, ya nne alipata Aprili 1945. Na sauti yake ilikuwa nyembamba, si ile nzito ya kukwaruza ya George C. Scott aliyemwigiza.

Bi_Maswali:
Nyinyi mnahesabu nyota, mimi naona kitu kingine. Kwa nini Bradley, yule jenerali mwenzake, humo ndani ni mtu mpole, mwenye busara, kila saa anamtuliza mwenzake? Kwa sababu Bradley mwenyewe alikuwa mshauri wa hiyo muvi na kitabu chake ni kimoja cha vile walivyotumia! Patton alikuwa ashakufa tangu Desemba 1945 baada ya ajali ya gari Ujerumani, hakuwa na wa kumjibia. Kofi ni kweli sawa, lakini jiulizeni ni nani anawasimulia. Na ndio maana hata sijui wanamsifu ama wanamsema, maanake ilitoka vita vya Vietnam vikiendelea, Rais Nixon wa Marekani akaipenda akairudia, na wanaochukia vita nao wakaipenda. Scott akapewa Oska akaikataa. Halafu tukiongelea makamanda hivi huwa nafikiria wale wabeba mizigo wetu wa vita ya kwanza, Carrier Corps, hawana muvi, wana soko la Kariokor, na ukimuuliza mtu hapo jina limetoka wapi anakuangalia tu.

fundi_wa_Kariobangi:
Eh madam umetupeleka mbali lakini hiyo ya Kariokor sikuwa najua, na napita hapo kila siku.

mwana_wa_Umoja:
Asanteni, nimemsomea mzee zote. Hajakubali wala kukataa. Ameuliza tu, huyo kijana wa malaria alipona?

kofia_ya_chuma:
Alipona. Akarudi kwao Marekani.